SEHEMU YA 4: Si kila damu chooni ni bawasiri

Mama zangu na dada zangu, leo tuongee mambo ya chooni. Najua tunaona aibu, ila aibu hii inatuchelewesha.

Zamani wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana wodini kwetu nilizoea kuwaita babu na bibi. Siku hizi wengine nawaita mdogo wangu. Mmoja alikuwa na miaka 34, ananyonyesha mtoto wa miezi kumi. Damu ilianza kumtoka akiwa mjamzito. Kila aliyemweleza alimjibu, "Hiyo bawasiri, ukijifungua itaisha." Akajifungua, haikuisha. Akapaka dawa, akanywa mizizi, mwaka ukapita. Alipofika kwetu uvimbe ulishakuwa mkubwa.

Ni kweli wajawazito wengi wanapata bawasiri. Ndiyo maana saratani inajificha nyuma yake kirahisi. Kwa kuangalia damu tu huwezi kuzitofautisha, mpaka daktari akupime kwa kidole, na ikibidi kwa kamera inayoingizwa kwenye utumbo.

Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa (kuharisha au kufunga), tumbo linauma haliachi, unakonda bila sababu, au damu inapungua tena na tena hata ukimeza vidonge vya kuongeza damu.

Mara nyingi saratani hii huanza kama kinyama kidogo kinachokaa miaka mingi. Kikionekana mapema kinakatwa, yameisha. Mwaka 2021 Marekani walishusha umri wa kuanza kupimwa watu wasio na dalili, kutoka miaka 50 hadi 45. Mwenye dalili hasubiri umri wowote. Na kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua, mwambie daktari, maana wewe unatakiwa kuanza mapema zaidi. Waulizeni wazee nyumbani.

Jikoni: dona, maharage, mboga za majani, matunda. Soseji zisiwe za kila siku kwenye kifungua kinywa cha watoto. Pombe punguza, sigara acha, tembea.

Ukifika kwa daktari usiseme, "Nina bawasiri." Sema, "Natoka damu chooni tangu mwezi fulani, naomba nipimwe." Ukianza na jina la ugonjwa unaweza kuondoka na dawa ya kupaka tu.

Mtumie na baba watoto, naye anaona aibu.