Mgeni wa Siku ya Tatu na Kodi ya Gawio

Neno gawio limepata umaarufu nchini katika miaka ya karibuni. Tumezoea kuona wakuu wa mashirika ya umma wakimkabidhi Rais mfano wa hundi kubwa kuliko meza, makofi yakipigwa na waandishi wakihesabu sifuri. Ni jambo jema kwa wananchi kujua kwamba mali yao inazaa. Lakini liko gawio jingine lisilopigiwa makofi. Ni lile linalotoka katika kampuni zinazofanya biashara hapa na kwenda kwa kampuni mama zilizoko ng'ambo. Nataka tuzungumze juu ya hilo, na hasa juu ya sehemu ndogo inayobaki mlangoni likiwa linatoka, yaani kodi ya zuio.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa mijadala yetu mingi ya kodi huharibika kwa kukimbia hesabu. Chukua kampuni tanzu iliyopata faida ya shilingi 100 nchini Tanzania. Kwanza hulipa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30. Zinabaki shilingi 70. Ikiamua kuzigawa zote kwa mmiliki wake wa ng'ambo, sheria yetu inaitaka kampuni hiyo izuie asilimia 10 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Hiyo ni shilingi 7. Kiwango kikishushwa hadi asilimia 5, inakuwa shilingi 3.50. Kikiwa asilimia 0, haibaki kitu. Kwa hiyo si kweli kwamba mwekezaji wa kigeni halipi kodi kabisa, kama tunavyosema vijiweni. Ni kweli, hata hivyo, kwamba gawio likishavuka mpaka tumemaliza kazi. Hatuna mahali pengine pa kulikamata. Kodi ya zuio ndiyo lango la mwisho.

Sizungumzi kama mtazamaji wa mbali. Kila mwezi, kipande cha mshahara wangu kinachozidi shilingi 1,000,000 hukatwa asilimia 30 kabla sijakiona. Wanafunzi wangu wakishaajiriwa hukatwa kodi hiyohiyo, pamoja na asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo wa elimu ya juu. Sambamba na hayo, mimi ni mwanahisa mdogo, mdogo sana, katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Gawio langu likija huwa limekatwa asilimia 5, nusu ya kiwango cha kawaida, kwa sababu kampuni imeorodheshwa sokoni. Kwa maneno mengine, mimi pia ni mnufaika wa upendeleo ninaotaka kuuhoji.

Upendeleo huo una nia njema. Mtungaji wa sheria alitaka mwalimu, muuguzi na mkulima wavutiwe kununua hisa badala ya kuacha akiba zao zilale. Sasa tazama unavyofanya kazi. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliingia sokoni kwa kuuza asilimia 25 ya hisa zake, kama sheria ilivyozitaka kampuni za simu zifanye. Asilimia 75 ilibaki kwa wamiliki wa awali, wakubwa miongoni mwao wakiwa wa nje. Kiwango cha asilimia 5 hakiulizi kama aliyepokea gawio ni mwalimu aliyenunua hisa mia tano au kampuni mama iliyokuwapo tangu siku ya kwanza. Kinaangalia tu kama kampuni imeorodheshwa. Katika mgawanyo wa namna hiyo, kila shilingi nne ambazo hazina ya taifa inaziachia, moja inakwenda kwa walioingia kupitia soko, na tatu zinakwenda kwa wale ambao hawakuhitaji kushawishiwa. Tumetega ndoano kwa ajili ya dagaa, na nyangumi ndiye anayekula chambo.

Mwaka fulani nilipoeleza haya katika darasa la jioni, ambalo wengi wake ni watumishi wa serikali wanaojiendeleza, mmoja wao alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, punguzo hili litaisha lini?" Swali fupi. Nimelibeba tangu siku ile, kwa maana ndilo swali ambalo nyaraka zetu za kodi hazina mazoea ya kulijibu.

Ili tulielewe vizuri, lazima tujue upendeleo kwa kampuni mama ulitoka wapi. Mataifa tajiri, kupitia jumuiya yao ya OECD, yaliandaa mfano wa mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Katika ibara ya 10 ya mfano huo, mwanahisa wa kawaida hutozwa hadi asilimia 15, lakini kampuni inayomiliki angalau asilimia 25 ya mtaji hutozwa isiyozidi asilimia 5. Hoja yake ni kwamba faida ileile isikatwe na kila mkono inaopitia kutoka kampuni tanzu hadi kampuni mama. Jumuiya ya Ulaya ilikwenda mbali zaidi mwaka 1990 kwa kufuta kodi ya zuio baina ya kampuni mama na kampuni tanzu za nchi wanachama.

Kati ya Ujerumani na Ufaransa hoja hiyo ina mantiki. Kampuni za Ujerumani ziko Ufaransa, na za Ufaransa ziko Ujerumani. Anachopoteza huyu leo hukipata kesho kwa mlango wa pili. Baina yetu na nchi zenye mitaji, mto unatiririka upande mmoja. Gawio linatoka kwetu kwenda kwao, na la kutoka kwao kuja kwetu ni haba. Punguzo linaloandikwa kwa lugha ya usawa, kwamba kila upande utapunguza, kwa vitendo linapunguzwa na upande mmoja tu.

Zaidi ya hayo, ile kodi ya mara mbili inayoogopwa mara nyingi haipo. Uholanzi kwa muda mrefu imesamehe gawio ambalo kampuni zake hupokea kutoka kampuni tanzu za nje. Uingereza ilisamehe sehemu kubwa ya gawio la aina hiyo mwaka 2009, na Marekani ilifuata njia hiyo kwa sheria yake ya mwaka 2017. Ikiwa nchi ya kampuni mama haitozi kitu, sisi tunaposhusha kiwango hatumwokoi mtu na kodi ya pili. Tunaondoa ile moja iliyobaki.

Tanzania ina kisa chake. Mikataba tuliyosaini miaka ya 1970 na nchi za Skandinavia iliweka ukomo wa juu: Norway asilimia 20, Denmark asilimia 15. Mkataba na Kanada, uliokuja baadaye, uliweka asilimia 20 kwa kampuni yenye hisa nyingi na 25 kwa wengine. Viwango hivyo vyote viko juu ya asilimia 10 tunayotoza leo. Maana yake ni kwamba wazee wetu walipokaa mezani na mataifa yaliyowazidi kwa kila kipimo, walilinda haki ya kutoza zaidi ya tunavyothubutu sisi. Si mikataba hiyo iliyotufikisha kwenye asilimia 10. Tumejishusha wenyewe, kwa sheria zetu wenyewe. Ndipo mkataba mpya na India, uliosainiwa mwaka 2011, ukashuka zaidi: asilimia 5 kwa kampuni yenye angalau robo ya hisa.

Majirani zetu walipita njia nyingine. Uganda, ambayo sheria yake ya ndani inatoza asilimia 15, ilisaini mkataba na Uholanzi mwaka 2004 ambao unaweza kuifikisha kampuni mama yenye nusu ya mtaji au zaidi kwenye asilimia 0. Rwanda ilisaini mkataba na Morisi mwaka 2001 uliofuta kabisa kodi ya zuio kwenye gawio, riba na mrabaha. Baada ya takriban muongo mmoja Rwanda ikauvunja, ikarudi mezani, na mkataba mpya wa mwaka 2013 ukaweka asilimia 10 kwenye gawio. Mbingu hazikuanguka. Nchi ndogo isiyo na bahari ilimwambia mshirika wake kwamba makubaliano ya jana hayafai leo, na mshirika akasikiliza.

Kisa cha Kenya kinanigusa zaidi, kwa sababu ndani yake kuna wananchi. Serikali ya Kenya ilisaini mkataba na Morisi mwaka 2012, ukatangazwa katika Gazeti la Serikali mwaka 2014. Kampuni yenye angalau asilimia 10 ya hisa ingetozwa asilimia 5 ya gawio. Asasi ya Tax Justice Network Africa ikaenda Mahakama Kuu. Mwezi Machi 2019 mahakama ikautangaza mkataba huo kuwa batili, kwa kuwa haukuwa umewasilishwa bungeni kama sheria inavyotaka. Tafakari uzito wa jambo hili. Swali lililoamua kesi halikuwa kama asilimia 5 ni nyingi au kidogo. Lilikuwa kama wawakilishi wa watu waliiona karatasi. Mwaka uliofuata Kenya ilipandisha kiwango chake cha ndani kwa wanahisa wasio wakazi kutoka asilimia 10 hadi 15.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kupuuzwa. Mtaji una miguu. Nchi ikitoza kuliko jirani yake, mwekezaji atahamia kwa jirani. Nimewasikia maofisa waadilifu wakiisema hoja hii kwa wasiwasi wa kweli, na baadhi yao niliwafundisha. Jibu langu ni hili: dhahabu ya Geita haiwezi kuhamia Nairobi, na wateja wa simu wa Kariakoo hawawezi kuhamishiwa Kigali. Kampuni inayokuja kwa ajili ya madini yetu au soko letu inakuja kwa sababu ya vitu hivyo. Punguzo la shilingi 3.50 katika kila shilingi 100 za faida ni nadra kuwa sababu ya kuja. Na pale ambapo kweli ni sababu, basi tuoneshwe ushahidi, kama tunavyomtaka kila mwombaji wa fedha za umma aoneshe.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Punguzo la kodi ni matumizi ya fedha za umma. Shilingi iliyoachwa mlangoni haina tofauti na shilingi iliyotolewa hazina, isipokuwa ile ya pili hupita katika bajeti, hukaguliwa, na mbunge anaweza kuisimamia kucha. Ibara ya 138 ya Katiba yetu inanilinda nisitozwe kodi ambayo haikupitishwa kwa sheria ya Bunge. Ulinzi huo unastahili pacha wake: upendeleo wowote utajwe kwa jina, thamani yake ihesabiwe kila mwaka mbele ya Bunge, na uwe na tarehe ya kufa. Baada ya miaka mitano, anayeutaka aje autetee upya. Kwa kampuni zilizoorodheshwa, kiwango cha asilimia 5 kibaki kwa mwanahisa mdogo aliyekusudiwa, na mwenye hisa za kuitawala kampuni alipe kiwango cha kawaida.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe, wala anyimwe chakula. Walichokataa ni ugeni usio na mwisho, kwa sababu walijua kwamba mgeni anapokula bila kulima, kuna mwenyeji anayelima mara mbili.

Baadhi yenu mnaosoma hapa mtaketi siku moja kwenye meza ya majadiliano, mkiwa na rasimu iliyoandikwa na upande wa pili kwa Kiingereza safi, na kiwango kikiwa tayari kimejazwa. Usiku utakuwa umekwenda na mwenyekiti atataka kufunga. Kabla ya kuweka saini, ulizeni swali la yule mtumishi wa darasa la jioni. Likikosa jibu, msisaini.