Tunamtaka Remmy Yule wa Zamani



Wapendwa waamini, redio ikipiga wimbo wa marehemu Dk. Remmy Ongala, hakosekani mtu wa kutamka: "Huyu ndiye Remmy wetu, Remmy wa zamani." Maneno hayo husemwa vilabuni, husemwa katika magari yaendayo Mbinga, nasi tumeyasikia hata uwanjani pa kanisa baada ya Misa, midomoni mwa watu wazima wanaopokea Komunyo kila Dominika. Anayeyasema huwa na maana ya pili asiyoitaja: kwamba yupo Remmy mwingine, yule wa baadaye, ambaye yeye hakumpenda. Juma hili tunapenda kutafakari juu ya Remmy hao wawili, kwa kuwa tumeona kwamba jambo lenyewe linatugusa sisi Wakristo kuliko linavyoonekana.

Kwa faida ya vijana, tuanze na historia kidogo. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Kongo ya Wabelgiji. Husimuliwa kwamba alizaliwa akiwa na meno tayari, na kwamba wazee waliona ndani yake dalili za uganga. Ndiyo asili ya lile jina la Daktari. Alibaki yatima angali kijana. Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa bendi ya Super Matimila. (Mtu wa Songea hawezi kulisikia jina hilo bila kukumbuka Matimira yetu.) Huko Sinza alikoishi, kituo cha mabasi kiliitwa kwa jina lake, na hadi leo watu husema wanashuka Sinza kwa Remmy.

Nyimbo zake za mwanzo hazikutufikia kwa sahani za santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Bendi zilirekodi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, na kanda ikabaki ni mali ya redio. Aliyetaka wimbo aliusubiri hewani, au akanakili kaseti ya mwenzake iliyokwisha kunakiliwa mara nyingi hata sauti ikawa kama imetoka chini ya mto. Huku kwetu radio ilinunuliwa baada ya mauzo ya kahawa, na betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Tunayataja haya kwa makusudi. Kitu kilichopatikana kwa taabu namna hiyo hukaa moyoni kwa namna yake, na anayesema "Remmy wa zamani" anakumbuka pia ile radio, yule baba aliyeizima ili kutunza betri, na umri aliokuwa nao mwenyewe.

Hata hivyo si haki kusema kwamba watu wanaukumbuka ujana wao tu. Nyimbo zile zilikuwa na uzito. "Kifo", "Siku ya Kufa", "Mnyonge Hana Haki", "Nalilia Mwana": majina yenyewe yanaonyesha alichokichagua. Wakati bendi nyingi zilishindana kwa mitindo na majigambo, mtu huyu aliwachezesha watu huku akiwakumbusha kwamba watakufa, kwamba maskini hana wa kumtetea, kwamba mwanamke asiye na mtoto analia usiku. Sisi tuliosomea mahubiri tunajua ni vigumu kiasi gani kumfanya mtu asikilize habari za kifo kwa dakika tano. Yeye aliwasikilizisha kwa muda mrefu zaidi, tena wakiwa wamesimama na kutokwa jasho.

Manung'uniko ya kwanza yalikuja alipovuka bahari. Mwaka 1988 alizunguka na tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka Uingereza sahani yake iitwayo Songs for the Poor Man, kisha mwaka 1992 nyingine iitwayo Mambo, ambamo baadhi ya nyimbo aliimba kwa Kiingereza. Wapenzi wake wa nyumbani waligawanyika. Wengine walijivuna. Wengine walisema sauti imesafishwa mno, nyimbo zimekatwa zikawa fupi, na kwamba Remmy wa Redio Tanzania, pamoja na mikwaruzo yote ya kaseti, alikuwa na moto ambao studio ya Wazungu haikuuona.

Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Mwanzilishi mmojawapo wa WOMAD ni Peter Gabriel, mwimbaji wa muziki wa roki wa Uingereza, ambaye mwaka 1975 aliliacha kundi lake la Genesis akafuata njia yake. Wapenzi wa Genesis hawakuacha kumtamani yule wa kwanza. Tamasha la kwanza la WOMAD, mwaka 1982, lilipata hasara kubwa, na wadai wakamwandama. Ndipo wenzake wa zamani walipokubali kupanda naye jukwaani kwa siku moja, tarehe 2 Oktoba 1982, mjini Milton Keynes. Watu walikuja kwa wingi chini ya mvua kuzisikia nyimbo za zamani, na mapato yakalipa madeni. Kwa hiyo tamasha lililompeleka Remmy Ulaya miaka sita baadaye lilikuwa limeokolewa na fedha za watu waliotamani ya kale. Gabriel aliwapa wapenzi wake jioni hiyo moja kwa shukrani, kisha akaendelea na kazi yake mpya. Hatumfanyi mtakatifu, ila tunaona alitenda kwa busara.

Turudi Sinza. Miaka ya 2000 Remmy aliugua, akapatwa na kiharusi. Akaokoka, kama wasemavyo ndugu zetu wa makanisa ya kilokole, akauacha muziki wa dansi, akaanza kuimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, akiwa mtu wa nyimbo hizo mpya. Nchi ilimlilia sana. Lakini nyimbo zilizojaa redioni siku zile za msiba zilikuwa nyingi ni zile alizokwisha kuziacha.

Tuseme ukweli wetu: kimuziki, nyimbo zake za mwisho hazikuzifikia zile za mwanzo. Tunadhani hata wanaozipenda wanalijua hilo. Gitaa zilipungua, na maneno, ambayo zamani yalikuwa yake mwenyewe, yalikaribia kuwa ya kila mtu. Mwamini anayesema hivyo hatendi dhambi, wala hana haja ya kujifanya ameguswa na wimbo kwa sababu tu jina la Yesu limetajwa ndani yake. Sanaa ina haki yake, nao utakatifu wa nia haunyooshi gitaa lililolegea.

Lakini kuna hatua inayofuata, na hapo ndipo tunapoona hatari. Wapo waliosema kwamba afadhali angebaki vile. Wapo walioonea uchungu wokovu wake kama mtu aliyeibiwa. Mgonjwa yule alikuwa akijiandaa kukutana na kile alichotuimbia miaka mingi, nasi tulitaka aendelee kutuimbia tu. Tulimtaka atuonye kuhusu kifo, ila yeye mwenyewe asilichukue onyo lake. Kwa mpenzi wa muziki huo ni ukatili mdogo, usioonekana, kwa kuwa unavaa nguo za upendo.

Mbaraka Mwinshehe hakupata taabu hiyo. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa kijana, na tangu hapo hajamkera mpenzi wake yeyote kwa kubadilika. Tunamshukuru Mungu kwa nyimbo zake, lakini tusimwombee mtu yeyote aliye hai ukamilifu wa namna hiyo.

Katika kitabu cha Ezra, sura ya tatu, Waisraeli waliorudi kutoka utumwani wanaweka msingi wa Hekalu jipya. Vijana wanapiga kelele za furaha. Wazee waliowahi kuliona Hekalu la kwanza wanalia kwa sauti kuu. Mwandishi anaeleza kwamba hakuna aliyeweza kutenganisha sauti ya furaha na sauti ya kilio, na wala hawakaripii wazee wale. Tunalipenda fungu hilo. Machozi yao yalikuwa halali, kwa sababu Hekalu la Solomoni lilikuwa zuri kweli. Ila hakuna mzee anayesimuliwa kwamba aliwazuia mafundi. Katika parokia zetu za Jimbo la Mbinga nasi tunao wazee wa namna hiyo, waliofundishwa Misa ya Kilatini na Wabenediktini, ambao macho huwalowa wakisikia Kyrie ya kale. Wajukuu wao wanapiga kinanda cha umeme na kucheza hatua za mganda wakati wa matoleo. Tumejifunza kuzisikia sauti zote mbili, ingawa kinanda hicho, tukiri, huwa kinatushinda kwa ukubwa wa sauti.

Ipo sababu nyingine inayotufanya tusiwakemee wanaomtamani Remmy wa zamani. Huenda wanamdai kitu ambacho sisi tulipaswa kuwapa. Sikilizeni kwaya zetu: nyingi zinaimba baraka, ushindi, adui kuaibishwa. Wapi mnyonge? Wapi mama aliyefiwa? Hata wimbo wake "Mambo kwa Soksi", ambao Redio Tanzania haikuupiga, na ambao ushauri wake juu ya kondomu si mafundisho ya Kanisa, ulitoka katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukizimaliza nyumba na wengi wetu tukisema mezani kwamba marehemu alirogwa. Tunatofautiana naye juu ya dawa aliyoitaja. Ila aliutaja ugonjwa, mbele ya watu, akiwa na gitaa mkononi. Watu hawamsahau aliyesema wakati wengine wamenyamaza.

Sasa jambo la utendaji, kwani maswali yametujia kutoka vigango kadhaa: je, "Kifo" uruhusiwe kupigwa kwenye mikesha ya misiba? Wanakwaya wanapinga, wakisema mwenyewe aliziacha nyimbo hizo. Vijana wanasema hakuna wimbo mwingine unaowafanya wavulana waache simu zao wakanyamaza. Ndani ya Misa ya mazishi hakuna mjadala: nyimbo ni za liturujia. Nje, usiku, watu wakiwa wameketi kuzunguka moto na wafiwa, hatuoni sababu ya kuukataza. Kuacha kuimba wimbo si sawa na kusema ulikuwa uongo. Na wimbo ule ni kweli tupu.

Tumeomba sharti moja tu. Vijana wakishapiga zile za zamani, wapige walau mmoja wa zile za mwisho, alizoimba akiwa mgonjwa, na watu wausikilize mpaka mwisho kama walivyosikiliza hizo nyingine. Mzee mmoja wa kigango ametujibu kwamba saa hiyo yeye atakuwa amekwenda kulala. Tumemwambia kwamba usingizi nao ni haki yake.

Tunawatakia Dominika njema.