Namba Isiyo Kizio

Neno mizani lina makao mawili yanayojulikana. Kwa malenga ni hesabu ya silabi katika mshororo. Kwa muuza duka ni chombo cha kupimia sukari. Kazi yangu imenipa makao ya tatu. Ninasanifu njia za umeme, zile nguzo na nyaya zinazovuka mapori na mashamba, na kila mradi mpya huanza kwa dirisha la kompyuta linaloniuliza nitatumia mizani ipi. Urefu kwa mita au kwa futi? Kani kwa nyutoni, kwa kilo au kwa ratili? Joto kwa sentigredi au kwa farenhaiti? Wengi hubofya haraka wapite, kwa kuwa kazi yenyewe, ya kusimamisha nguzo juu ya ramani, bado iko mbele. Mimi hukaa hapo kitambo. Ni dirisha la lugha kuliko la uhandisi, ndiyo maana naliandikia hapa, mbele ya washairi.

Miaka michache iliyopita nilitakiwa kuandaa mwongozo wa Kiswahili kwa mafundi wanaotumia PLS-CADD, programu ya kusanifu njia za umeme iliyozaliwa Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Nilidhani taabu itakuwa kwenye maneno makubwa makubwa. Haikuwa hivyo. Neno la kwanza kunikwamisha lilikuwa dogo kabisa: kipimo. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kipimo ni kile ninachopimia, ni jibu nililolipata baada ya kupima, na ni mita au kilo yenyewe. Mambo matatu, neno moja. Fundi akiandikiwa "badilisha kipimo", je, abadilishe namba au abadilishe mita ziwe futi? Hilo la pili likifanyika mahali pa la kwanza, njia nzima huvurugika. Nikakimbilia kizio, neno ambalo vitabu vya hisabati vya shule ya msingi vimelitumia kwa muda mrefu: kizio cha urefu ni mita, kizio cha ujazo ni lita. Watu wa pwani watacheka, maana kwao kizio ni nusu ya nazi. Wacheke tu. Nazi haiingii katika programu hii.

Neno la pili lilikuwa uzito, na hapa hakuna wa kucheka.

Chukua waya mmoja unaotumika sana, ule ambao Waingereza waliuita Wolf. Kila mita yake moja ina tungamo la kilo 0.726. Dunia inauvuta waya huo chini kwa kani ya nyutoni 7.12 hivi kwa kila mita. Sokoni yote mawili huitwa uzito, na hakuna anayedhurika, kwa sababu muuza nyama na mnunuzi wanasimama juu ya ardhi ileile na wanatumia kilo zilezile. Kwenye kompyuta kuna kisanduku kinachosubiri nyutoni. Ukiandika humo 0.726, programu itaamini kwamba waya wako ni mwepesi mara kumi, kisha itakuchorea, baina ya nguzo mbili zilizoachana mita 300, waya ulionyooka kama ukingo wa rula: katikati umeshuka nusu mita na kidogo, ilhali kwa mkazo wa nyutoni 14,000 ungepaswa kushuka mita 5.7. Kosa la aina hiyo ni la heri. Ni kubwa mno, linajitangaza lenyewe.

Ninayoyaogopa ni yale yanayofanana na ukweli. Siku moja tuliletewa michoro ya kukagua, imetayarishwa mbali, imepigwa chapa vizuri, rangi zote zipo. Mkazo wa waya ulikuwa umeandikwa 3,150. Mbele ya namba hiyo hapakuwa na kitu. Mzee mmoja, fundi aliyepanda nguzo tangu ujana wake, hakutazama namba hata moja. Aliuangalia mchoro, akafuata mstari wa waya kwa kidole kutoka nguzo hadi nguzo, akasema, "Mhandisi, huu si waya, huu ni uzi wa gambusi. Mita mia tatu, na tumbo lake halifiki mita tatu?" Tukafungua faili, tukaenda kwenye dirisha la vizio. Programu ilikuwa imewekwa kilo. Namba ilitoka katika jedwali la ratili.

Ratili 3,150 ni sawa na nyutoni 14,000, mkazo wa kawaida kwa waya wa aina ile. Kilo 3,150 ni karibu nyutoni 30,900, mkazo unaokaribia nusu ya nguvu itakayoukata waya huo. Kwa kilo, mchoro ulionyesha waya ukishuka mita 2.6. Mafundi wangefika porini na jedwali lao la ratili, wangeukaza kama jedwali linavyosema, na waya ungeshuka mita 5.7. Tofauti ni mita tatu na ushei, na katikati ya nguzo zile mbili palipita barabara ya malori ya pamba, na juu ya shehena ya pamba huwa wamekaa watu. Hayo niliyahesabu usiku ule nyumbani kwa kalamu, sikuitaka tena kompyuta.

Mtu atasema: haya ni mambo ya kisasa, Kiswahili hakikuumbiwa. Sikubaliani naye hata chembe. Wazee wetu walikuwa na shibiri, na dhiraa ya shibiri mbili, na pima ya dhiraa nne. Walikuwa na pishi ya vibaba vinne. Na kibaba chenyewe hakikutajwa kijuujuu: palikuwa na kibaba cha mfuto, kilichopitishiwa mkono juu kikawa sawasawa, na kibaba cha tele, kilichorundikwa hadi nafaka ikaanza kumwagika. Aliyenunua mtama kwa mfuto na kuuza kwa tele alifilisika. Mfanyabiashara aliyetamka "kibaba" akanyamaza angeulizwa papo hapo: cha mfuto au cha tele? Swali hilo ndilo ambalo hakuna aliyemwuliza mwenye 3,150.

Kwa hiyo maneno tunayo. Tungamo tunalo, kani tunalo, kizio tunacho. Tatizo letu, hasa sisi wa Tanzania, ni kwamba mtoto hufundishwa uzito kwa Kiswahili darasani shule ya msingi, halafu akivuka kwenda sekondari hufundishwa nyutoni kwa Kiingereza, na hakuna siku ambayo lugha hizo mbili zimekalishwa mkeka mmoja zikaambiwa zisalimiane. Fundi wangu ana maarifa ya nyumba zote mbili lakini mlango wa kati umefungwa. Mwongozo ule, kwa sehemu kubwa, ulikuwa kazi ya kutafuta ufunguo.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu peke yetu, sijaliona katika mwongozo wa wageni. Programu hukokotoa kiasi cha umeme ambao waya unaweza kuubeba bila kupata joto la kupita kiasi, na ili ijue jua linachoma namna gani, huuliza siku, mahali na saa. Saa! Mswahili anaambiwa ajaze saa ya jua kali, naye anaijua vizuri: saa sita mchana. Anaandika 6. Kwa kompyuta hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, jua kwetu ndiyo kwanza linachungulia, umande haujakauka. Programu itafurahi kuona waya umepoa, itaruhusu umeme mwingi zaidi, na adhuhuri ya kweli itakapofika waya utapata joto, utarefuka, utashuka kuliko ulivyochorwa. Katika mwongozo nililipa jambo hili ukurasa mzima. Mhariri mmoja alitaka kuupunguza uwe mstari, nikakataa.

Barafu niliipitia upesi. Kanuni za Marekani zina hali ya majira ya baridi ambamo waya huvikwa barafu yenye unene wa nusu inchi, joto likiwa sifuri ya farenhaiti, yaani karibu nyuzi 18 chini ya sifuri ya sentigredi. Kanuni hizo zikiachwa jinsi zilivyo, nyaya za Tabora zitachorwa zimeganda. Majina ya nyaya, hata hivyo, sikuyagusa, kwa mapenzi tu. Waingereza waliziita kwa wanyama, Rabbit, Dog, Lynx, Wolf. Wamarekani kwa ndege, Drake, Hawk, Cardinal. Mafundi wetu wanasema "leta Rabbit" bila kufikiria sungura, na sioni sababu ya kuwasumbua.

Ubeti ufuatao niliuandikia karatasi nikaubandika juu ya kompyuta ya ofisi. Mizani yake nimeihesabu mara nyingi kuliko ya waya wowote:

Namba ukiiandika, kizio kitaje jina,
Ratili ukiziweka, na kilo zikagongana,
Waya chini utashuka, barabara kuibana,
Namba isiyo kizio, ni mtu asiye kwao.

Neno mkazo nimelitumia hapa juu bila kuomba ruhusa. Wanaisimu mnalo, la silabi ya pili kutoka mwisho, na walimu wa fizikia wanalo kwa jambo jingine kidogo. Nitaliazima hadi atakayenidai ajitokeze.

Limebaki moja ambalo sijaridhika nalo: jina la kule kushuka kwa waya katikati ya nguzo mbili. Katika mwongozo niliandika mlegeo. Lakini kitu kilicholegea ni kibovu, kinahitaji kukazwa, na waya huu umeshushwa kwa makusudi. Ukikazwa mno, siku ya baridi hujikunyata na kujivuta hadi unaweza kukatika. Yule mzee alisema tumbo. Wahariri waliliona neno hilo halina adabu ya kitabu. Mimi nalipenda, ila ningependa kusikia kwanza manahodha na wavuvi wanaiitaje kamba iliyofungwa ncha mbili ikaachwa ipinde katikati. Toleo la pili la mwongozo halijaenda kiwandani. Mwenye neno, aniandikie.