Keekee ya Umeme Nyumbani

Mwaka jana tulitaka kutundika rafu ya misahafu katika chumba tusomeshacho watoto. Ukuta ni wa matofali ya saruji. Tukaazima keekee ya umeme kwa jirani yetu, tukaikandamiza ukutani hata ikatoa moshi, ikafa. Kumbe ile ilikuwa ya mbao tu, yazunguka, haigongi. Jirani alitusamehe, lakini kitu cha kuazima ni amana. Tukamlipa, na mwezi ule nyumbani chai ilinyweka bila ya mkate.

Baadaye tukaenda kununua yetu. Mwenye duka akatutolea ya betri, nzuri ya kutazama. Tukajiuliza: kwani sisi kwa mwaka twatoboa matundu mangapi? Hayafiki 20. Na betri ikaayo miezi bila ya kazi huchoka bure, na kununua nyingine ni gharama kubwa. Basi tukachagua ya waya, ya wati 600, izungukayo na kugonga kama nyundo, yenye kushika biti hata ya milimita 13. Fedha zilizosalia tukanunulia biti njema za saruji, kwani mashine yenye nguvu haifui dafu kwa biti butu.

Enyi vijana, mtakaponunua chombo, pimeni kazi yenu, wala msipime macho ya watu. Rahisi isiyoweza kazi ni hasara, na ghali isiyo na kazi ni israfu.

Siku hizi jirani huja kuiazima yetu. Twampa kwa furaha, na kwanza twamwonyesha swichi ya kugongea.