Kilomita Moja na Nusu Kabla ya Kambi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na najua kuna wasomaji wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Inakuja. Leo naomba niweke kando mambo ya kazi niwasimulie safari yetu ya Mlima Kenya, mimi, mama watoto na watoto wetu wawili. Binti ana miaka tisa. Kitinda mimba wetu, mvulana, ana mitano.

Niseme mapema ili nisiwapotezee muda: hatukufika. Na sizungumzii kilele. Batian, chenye mita 5,199, ni cha wapanda miamba wenye kamba, na hata Lenana, mita 4,985, hakikuwa katika mpango wetu. Sisi tulilenga kambi ya kwanza tu katika njia ya Sirimon, ile inayoitwa Old Moses, tulale usiku mmoja na kurudi. Hata hapo hatukufika.

Mimi ni mtu wa kuandika programu, kwa hivyo likizo kwangu huanza na lahajedwali. Nilijua lango la Sirimon liko kwenye mita 2,650 hivi kutoka usawa wa bahari, kambi iko mita 3,300, na katikati kuna kilomita tisa za barabara ya kupanda polepole. Nikatafuta kanuni ya kukisia muda, nikaipata. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu ambayo watu wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano za kutembea, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda.

Hesabu ikawa hivi. Kilomita tisa ni saa moja na dakika 48. Mita 650 za kupanda ni saa moja na dakika tano. Jumla, kama saa tatu. Naismith alikuwa akifikiria mtu mzima mwenye nguvu zake, basi kwa ajili ya watoto nikazidisha mara mbili. Saa sita. Tuondoke saa mbili asubuhi, tufike saa nane mchana. Kwa kuwa pale karibu na ikweta jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, tungebaki na muda wa kutosha wa kupika na kupumzika.

Nilimwonyesha mama watoto lile jedwali, na rangi zake. Akalitazama, akauliza swali moja.

"Na mmoja wao akishindwa njiani, Baba, hapa umeandika wapi?"

Nikamwambia hilo haliwezi kutokea, nimeweka muda mara mbili.

Tulifika Nanyuki kwa matatu jioni ya Alhamisi, tukachukua gari hadi langoni, tukalala katika mabanda yaliyo karibu na hapo. Usiku watoto waliamka kwa hofu. Kuna kitu kilikuwa kikilia msituni, sauti ya kukwaruza inayopanda na kupanda hadi inakuwa ukelele. Mwongozaji wetu alituambia asubuhi kwamba ni perere, mnyama mdogo wa ukubwa wa sungura anayeishi juu ya miti. Binti hakuamini. Nilipomwambia kwamba perere ana undugu na tembo ndiyo akaona sasa namfanya mtoto mdogo kabisa. Lakini ni kweli.

Ijumaa saa mbili kamili tukaanza: sisi wanne, mwongozaji na wapagazi wawili. Simu yangu ilikuwa na ramani niliyoipakua nikiwa bado Nairobi. Nilikuwa nimeizima mtandao kabisa, kwa sababu simu inayohangaika kutafuta mnara inamaliza betri haraka, na baridi nayo huidhoofisha. (Ukienda mlimani weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili.)

Kilomita ya kwanza ilituchukua saa nzima. Kulikuwa na kinyesi cha tembo, ambacho ilibidi kichunguzwe kwa kijiti. Kulikuwa na msafara wa siafu ukikatiza barabara, ambao ilibidi urukwe mara sita, kwenda na kurudi. Jedwali langu halikuwa na safu ya siafu. Lakini baadaye wakazoea, mwendo ukawa mzuri, na binti akaanza maswali.

"Baba, simu inajuaje tuko hapa na umesema haina mtandao?"

Hapo sasa nilikuwa nyumbani. Nikamweleza kwamba juu yetu, kama kilomita 20,200, kuna setilaiti zinazotangaza muda bila kukoma: sasa ni saa ngapi, na mimi niko wapi. Tangazo hilo huchukua kama sehemu saba za mia ya sekunde kutufikia. Simu hupima limechelewa kiasi gani, inapata umbali. Ikipata umbali kutoka setilaiti tatu inaweza kujua iko wapi, ila saa ya simu si sahihi kama zile za setilaiti. Ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana inahitaji setilaiti ya nne, ya kurekebisha saa.

"Na simu inaziambia nini?"

"Haiziambii kitu."

"Kwa hivyo inasikiliza tu?"

"Inasikiliza tu."

Alilipenda jibu hilo. Alitembea akilirudia kwa mdogo wake, ambaye hakuonyesha kujali. Nami niliona ni ukaidi wa watoto wa miaka mitano.

Msitu uliisha, tukatoka kwenye nyasi ndefu na vichaka, na upepo ukawa wa baridi. Mawingu yalikuwa yameshafunika vilele, kama kawaida ya mlima huo mchana. Kila baada ya dakika chache nilikuwa natazama simu. Ilipofika saa nane kasorobo tulikuwa tumetembea kilomita saba na nusu, na tuko mita 3,190. Tumechelewa, lakini si sana. Nilifurahi.

Wakati huo mvulana aliketi barabarani.

Hakulia, hakulalamika. Nilimpa andazi akalishika tu mkononi. Nilimwuliza ana nini, akasema kichwa kinagonga. Nami nikamwambia maneno ambayo nimeyakumbuka kila siku tangu hapo: "Bado kidogo tu. Kilomita moja na nusu." Mtoto wa miaka mitano hajui kilomita moja na nusu ni nini. Nilikuwa najiambia mwenyewe.

Nikambeba mabegani. Tulikwenda kama mita mia moja, akanitapikia shingoni.

Mwongozaji alikuja, akachuchumaa mbele yake, akamtazama macho, kisha akaniuliza mimi: "Mzee, huyu kijana alikojoa saa ngapi mara ya mwisho?"

Sikujua. Nilijua mwinuko wetu. Nilijua kasi yetu ya wastani, asilimia ya betri, na setilaiti ngapi simu ilikuwa inazisikia. Hilo sikulijua.

"Asubuhi kabla ya kuondoka," mama yake akajibu. "Na maji hajagusa tangu tulipotoka msituni. Nilikwambia, Baba, ukasema atakunywa tukifika."

Ni kweli aliniambia. Nilikuwa natazama simu.

Nieleze kidogo jambo hili, maana wengi tunadhani ugonjwa wa mwinuko ni wa wale wanaokwenda kileleni. Unaweza kuanza mita 2,500 tu. Hewa ya juu ina sehemu ileile ya oksijeni, asilimia 21, lakini mgandamizo wake ni mdogo. Kwenye mita 3,300 ni kama theluthi mbili ya ule wa Mombasa, hivyo kila pumzi inakuletea kidogo zaidi. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu. Mtu mzima atakwambia. Mtoto mdogo aghalabu hajui kueleza, kwa hivyo utaona ananuna, hali, hachezi. Na dalili hizohizo zinaweza kuletwa na kiu, jua au mafua. Kanuni ni kwamba ukiwa juu na mtu akaumwa hivyo, chukulia ni mwinuko mpaka ithibitike vingine. Usiendelee kupanda. Na hali ikizidi, shuka mara moja.

Mimi, naona aibu kusema, nilianza kubishana. Kambini kuna vitanda, nikasema. Apumzike huko. Tumebakisha kidogo.

Mama watoto hakupandisha sauti. "Tutamfikisha kambini saa tisa na nusu. Akizidiwa hapo utamshusha saa ngapi?"

Nikahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Kushuka na mtoto mgonjwa kilomita tisa ni kama saa nne. Tungefika langoni saa moja na nusu usiku, tukipita msitu wenye nyati na tembo gizani. Pale tuliposimama, saa nane, ndipo palikuwa mahali pa mwisho ambapo tungeweza kugeuka na kufika mchana. Hesabu hiyo ningeifanya Nairobi, kwenye kiti, kwa dakika mbili. Sikuifanya kwa sababu jedwali langu lilikuwa na njia moja tu, ile ya mambo kwenda vizuri. Katika kazi ningemkemea kijana yeyote aliyeniletea programu ya namna hiyo.

Nikapendekeza tugawanyike: mama ashuke na mvulana, mimi niendelee na binti. Mwongozaji akakataa. Yeye ni mmoja, akasema, na walioingia pamoja watatoka pamoja.

Basi binti ndiye aliyelia. "Mimi si mgonjwa. Kwa nini nirudi?" Alikuwa ametembea kilomita saba na nusu kwa miguu yake bila kubebwa hata hatua moja. Nilitafuta jibu zuri nikalikosa. Nikamwambia ni kweli si haki, na tunarudi. Hakunishika mkono kwa kama saa nzima.

Mpagazi mmoja alimfunga mvulana mgongoni kwa leso ya mama yake. Tulimpa maji kijiko kwa kijiko, kila baada ya muda mfupi. Tulipoingia tena msituni alikuwa amelala. Tulipokaribia mita 2,800 aliamka, akainua kichwa na kuuliza andazi lake liko wapi. Nililitoa mfukoni likiwa limepondeka. Akalila lote. Kisha akaomba kushushwa ili akojoe, na sijawahi kufurahia habari kama hiyo maishani mwangu.

Tulifika langoni saa kumi na moja na robo, jua lingali juu. Mvulana alikuwa anakimbia mbele yetu. Kama ulikuwa mwinuko au kiu au vyote viwili, hatukusubiri kujua.

Tangu turudi nimelirekebisha lile jedwali. Zidisho la mara mbili nimeliacha, ni la kweli kabisa kwa watoto wetu. Nilichoongeza ni saa ya kugeuka: saa ambayo, popote tulipo, tunarudi, na inaandikwa kabla ya saa ya kufika. Nimeongeza pia maswali manne ya kuulizwa kila saa moja, kwa kila mtoto. Amekula? Amekunywa? Amekojoa? Anaongea? La mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Mvulana wetu hufunga mdomo akiwa usingizini tu, na siku ile alinyamaza kama saa nzima kabla ya kuketi. Nilidhani amechoka na maswali ya dada yake.

Safari ijayo ni Longonot. Kilele chake kina mita 2,776, kupanda hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu, na ukitaka kugeuka unageuka.

Nimalizie na hili. Juzi nilifungua ramani kwenye kompyuta ili niitazame njia yetu. Ule mstari mwekundu unatoka langoni, unapanda vizuri, halafu unakatika kwenye nyasi, kilomita moja na nusu kabla ya kambi. Niliona vibaya kuutazama. Ila pale unapokatika palikuwa na alama ambayo sikuiweka mimi. Binti alikuwa ameichukua simu yangu ndani ya matatu tukirudi, akaandika: "Hapa mdogo wangu alimtapikia Baba. Tutaanzia hapa."

Nimemwambia mlima hauanziwi katikati. Anasema nimwachie alama yake. Nimemwachia.