Maji ya moto yatoke ukutani: Nyumba inayojengwa Mtendeni

Nilifika Tabora mwezi Juni, mwezi ambao watu wa Dar es Salaam huusahau wanaposema Tanzania haina baridi. Mji huu uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi anga haina wingu, kwa hiyo joto la mchana huondoka usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia mtu akipasua kuni uani.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mama. Mbona umeamka? Rudi ulale, maji bado.”

Shangazi yangu anaishi Mtendeni, moja ya mitaa ya zamani ya Tabora. Kama lilivyo jina lenyewe, hapa ni mahali pa mtende. Lakini mti unaotawala uani kwake ni mwembe, mkubwa kuliko nyumba, alioupanda babu. Chini ya mwembe huo kuna mafiga matatu, na juu ya mafiga kuna sufuria ambalo halijawahi kupikiwa pilau. Kazi yake ni moja tu: maji ya kuoga ya watu saba, kila siku alfajiri, na jioni tena kukiwa na baridi.

Asubuhi ile nilihesabu. Kutoka mafigani hadi bafuni ni hatua 23. Unavuka vizingiti viwili na kukata kona moja. Anayebeba ndoo ya maji yaliyochemka anaifika kona hiyo bila kuona aliyeko upande wa pili. Hapo ndipo, mwaka juzi, mjukuu wa shangazi, mtoto wa miaka mitatu, alipotoka mbio chumbani na kukutana na ndoo. Leo ana miaka mitano, anacheza kama wenzake, lakini ana kovu linaloanzia begani hadi kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Aliyekuwa amebeba ndoo ni mama yake mzazi. Mpaka leo hapiti kona ile na maji bila kuita kwanza, “Jamani, moto!”

Kazi yangu ya kuandika habari za afya imenifikisha mara kadhaa kwenye wodi za watoto walioungua. Watu hudhani wodi hizo zina watoto walioangukia moto. Wengi niliowakuta walimwagikiwa: uji, chai, maji ya kuoga. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Maji ya nyuzi joto 60, ambayo hata hayajachemka, yanaweza kumuunguza vibaya kwa sekunde chache tu.

Ndiyo maana niliposikia shangazi anajenga nyumba mpya kwenye kiwanja cha nyuma, na kwamba anataka sola ya maji ya moto, nilipanda treni kwenda kuona. Sikwenda kama mtaalamu wa ujenzi. Nilikwenda kama mtu anayeijua kona ile.

Nilikuta kuta zimefika usawa wa lenta. Fundi ni kijana mwenye adabu na kazi safi. Nilimuuliza tangi la maji ya moto litakaa wapi.

“Hilo ni la mwishoni, dada. Nyumba ikiisha, sola unabandika tu juu ya bati.”

Shangazi akanitazama. Yeye aliwahi kulala hotelini mara moja, kwenye harusi Mwanza, akafungua bomba maji yakatoka ya moto. Tangu siku hiyo ombi lake ni moja. “Mimi sitaki mambo mengi,” alisema. “Nataka maji ya moto yatoke ukutani, yasipite tena mikononi mwa mtu.”

Tukakaa chini ya mwembe, ramani ya nyumba ikiwa kwenye mkeka. Kwanza ilibidi tuelewane sola tunayoizungumzia. Fundi alikuwa akifikiria ile ya umeme, yenye betri na taa. Ya maji haina uhusiano na umeme. Ni kasha bapa lenye kioo juu, na ndani yake kuna bati jeusi lililoshikana na vibomba vyembamba vya maji. Jua hupiga kioo, bati jeusi hupata joto, maji ya kwenye vibomba nayo hupata moto. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu. Mchana kutwa maji yanazunguka polepole, na tangi lililofungwa tabaka nene la kuzuia joto huyatunza hadi jioni na kesho yake asubuhi.

Si jambo geni duniani. Mtambo wa kwanza wa kupasha maji kwa jua kuuzwa madukani, Climax, ulisajiliwa na Clarence Kemp huko Baltimore, Marekani, mwaka 1891. Tabora ya mwaka huo ilikuwa bado chini ya Mtemi Isike, aliyekuwa akipambana na Wajerumani. Jirani zetu Kenya walitoa kanuni mwaka 2012 za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawekewe sola ya maji.

Lakini kama maji yanapanda yenyewe, basi tangi lazima liwe juu ya kasha, si chini yake. Na simtank ya maji baridi inayolisha tangi lazima iwe juu zaidi ya vyote viwili, la sivyo maji hayaingii. Fundi alikuwa amechora mnara wa simtank wa mita mbili. Alinyamaza kidogo, akachukua penseli.

Jambo la pili lilikuwa upande. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi ya baridi yote iko humo. Kasha linatakiwa litazame kaskazini, likilala kwa mteremko wa kiasi cha nyuzi 15 ili maji yapande vizuri na vumbi lisikae. Paa la nyumba ya shangazi lilichorwa kumwaga maji mashariki na magharibi, kwa sababu linapendeza ukilitazama kutoka barabarani. Hakuna upande hata mmoja uliotazama kaskazini.

Na hata ungekuwepo, kaskazini ndiko uliko mwembe.

Fundi alisema kwa sauti ya chini, kama anayetaja msiba: “Labda tungeukata.”

“Huo haukatwi,” shangazi akajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Siku ya pili niliwaacha na ramani yao nikaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuiona tembe ya Livingstone. Nyumba iliyopo leo imejengwa upya, lakini kwa mtindo ule wa zamani: kuta nene za udongo mwekundu, mlango wa mbao ulionakshiwa, vyumba vinavyozunguka ua wa ndani. Stanley alikaa hapo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Wawili hao walirudi pamoja Februari 1872. Stanley alipoondoka kwenda pwani, Livingstone alibaki akisubiri wapagazi hadi Agosti, yaani kipupwe chote cha Tabora. Njia iliyopita hapa, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilibeba pembe za ndovu na pia watu waliotekwa, na haifai kuisimulia kwa kutaja wazungu wawili tu.

Ila mimi siku ile nilivutiwa na ukuta. Nje jua la saa nane lilikuwa kali. Ndani kulikuwa na ubaridi wa kisimani. Ukuta mnene hunywa joto mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku, wakati anayelala anapolihitaji. Waliojenga tembe hawakusema watafikiria joto na baridi nyumba ikishaisha. Walianza nalo, kwenye unene wa ukuta na mahali pa ua. Tangi la maji ya moto hufanya kazi ileile: kuchukua joto la mchana na kulipeleka usiku. Nalo linataka kufikiriwa mapema vilevile.

Nilirudi Mtendeni jioni nikakuta fundi amepata jibu kabla yangu. Alikuwa amesimama uani na kamba, akipima kivuli cha mwembe. Mwezi Juni hapa Tabora, mti wa mita 12 hutupa kivuli cha kama mita 6 na nusu kuelekea kusini saa sita mchana, na asubuhi na alasiri kivuli huwa kirefu zaidi. Sehemu yote ya mbele ya nyumba imo humo. Lakini kona ya nyuma, upande wa magharibi, inapata jua tangu saa tatu asubuhi mpaka jioni.

“Tuhamishie bafu na jiko pale,” alisema. “Tuliezeke peke yake, paa literemke upande mmoja tu, kaskazini. Ukuta wa nyuma tuunyanyue.”

Kwa kila mita moja ya paa, ukuta wa nyuma unapanda kama sentimita 27. Kasha linalala juu ya mteremko. Tangi linakaa juu kabisa, karibu na ukuta wenyewe. Hilo ni muhimu, kwa sababu lita 150 za maji ni kilo 150 kabla hujahesabu chuma cha tangi. Mzigo huo ukiwekwa katikati ya kenchi ambazo hazikutengenezwa kuubeba, bati litakuja kulegea. Na bafu likiwa chini ya tangi, bomba linakuwa fupi. Bomba refu lina hasara: bomba la nusu inchi hushika karibu lita 2 kwa kila mita 10, na hizo lazima uzimwage zikiwa baridi kila unapofungua.

Tukapiga hesabu ya familia. Watu saba, ndoo moja ya lita 20 kila mmoja, ni lita 140 za maji ya uvuguvugu. Ukichanganya nusu kwa nusu, unahitaji lita 70 tu za maji ya nyuzi 60. Tangi la lita 150 linatosha, na linabaki na akiba ya siku ya mawingu au ya mzazi aliye kwenye arobaini. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwa umeme kunakula karibu uniti 4.7. Kwa kuni, kunakula mti wa mtu mwingine huko porini.

Nilimweleza shangazi pia yale ambayo wauzaji huwa hawayasemi. Masika maji yatakuwa vuguvugu siku nyingine, kwa hiyo mafiga yasitupwe. Vumbi la kiangazi lifutwe kwenye kioo alfajiri, kabla hakijapata moto. Mabomba yawe ya PPR ya maji ya moto, si ya plastiki ya kawaida. Maji ya tangi ni ya kuoga na kufulia. Ya kunywa yachemshwe mengine. Familia ikisafiri, maji yaliyolala vuguvugu siku nyingi yamwagwe, kwa sababu kuna bakteria wanaostawi humo. Na maji ya sola yanaunguza kama ya sufuria. Bomba la moto liwekwe juu, mtoto asilifikie, na daima baridi itangulie kwenye beseni, ndipo moto ufuate.

Mabadiliko hayo yana gharama. Kuunyanyua ukuta, kuhamisha shimo la maji machafu na kuongeza mnara wa simtank kumekula fedha za madirisha ya aluminiamu ya sebuleni. Shangazi aliwaza usiku mmoja. Asubuhi alimwambia fundi aweke nondo na wavu kwanza. Madirisha ya kuringia yatakuja Mungu akipenda. Kama angesubiri nyumba iishe, angelazimika kubomoa.

Nyumba haitakamilika mwaka huu. Swali langu la mwisho lilikuwa juu ya miezi iliyobaki, maana mtoto hasubiri bati. Kumbe jibu halikuhitaji sola. Tulisogeza pipa la maji baridi karibu na mafiga. Sasa kila mtu anachanganya palepale: baridi kwanza, kisha moto, anajaribu kwa kiwiko, ndipo anabeba. Ndoo inayopita kwenye kona ni ya uvuguvugu. Ikimwagika, mtu atalowa, basi. Na ikitokea mtoto ameungua, mpozeni kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msimpake dawa ya meno wala yai, kisha mpelekeni hospitali.

Asubuhi niliyoondoka, mama wa mtoto alipita na ndoo. Alipofika kwenye kona akafungua mdomo kuita kama kawaida yake, akakumbuka, akacheka, akapita. Mtoto wake alikuwa amekaa kizingitini akimsubiri, taulo begani.