Silabi Iliyopotea

Mimi ni mwandishi. Nalisema hilo kwa sauti ndogo, maana riwaya yangu iko katika madaftari manne chini ya kitanda, na hakuna aliyeisoma ila mimi na mende. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Tanga nikabisha kila mlango uliokuwa na uwezo wa kunichapa. (Kwenye karatasi, msomaji, si kwa bakora!) Mlango uliofunguka haukuwa wa gazeti. Ulikuwa wa chama cha wapenda mimea mtaani kwetu.

Usicheke. Chama kina watu 40, hakuna anayelipwa hata senti, na kila baada ya miezi mitatu kinatoa jarida la kurasa 12. Uhariri nilipewa mie kwa kuwa ndiye peke yangu niliyekuwa sina kazi. Tulikuwa tukitoa nakala 60 kwenye duka la fotokopi: kurasa 720, shilingi 100 kila ukurasa, jumla 72,000. Kisha tunakaa mkekani kwa Mwalimu, mama mstaafu aliye mwenyekiti wetu, tunazibana kwa stepla huku tukinywa chai ya tangawizi. Jina langu lilipotoka mara ya kwanza, nilitembea na nakala ile mfukoni wiki nzima.

Ndipo mweka hazina akaja na hesabu zake. "Hizi elfu sabini na mbili ni viriba vya kitalu kizima," alisema. "Kwa nini tusilitume kwenye simu? Litafika mbali kuliko miguu yetu."

Nilipinga kwa nguvu zote. Karatasi haiishiwi chaji, haidai bando, na baadhi ya wazee wetu hawana simu janja. Yote kweli. Lakini leo nakiri: nilikuwa natetea jina langu. Nilitaka kitu cha kumwonyesha baba.

Mweka hazina naye hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Alinikumbusha ua letu la Usambara, Saintpaulia. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalitangaza ua hilo kwa jina hilo katika chapa ya huko huko. "Sasa niambie," aliuliza, "bibi zetu kule milimani waliletewa nakala ngapi?" Nikakosa la kusema. Kumbe karatasi nayo ina watu inaowaacha nje.

Kura zikapigwa, simu ikashinda.

Toleo la kwanza la simu lilikuwa na makala yangu juu ya mnyaa, ule mti unaopandwa kuzungushia nyumba. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Nilikusudia kuandika: "Ukimaliza kukata matawi, usiguse macho kabla ya kunawa mikono." Kilichotoka ni: "uguse macho kabla ya kunawa mikono." Kiswahili hakina mzaha, bwana. Angusha "si" moja tu, na katazo limegeuka amri.

Mwalimu aliniita jioni ile ile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kutupofusha?"

Nikarekebisha faili, nikalituma upya. Dakika kumi tu! Moyoni nikasema, kweli simu ni raha.

Mwezi uliofuata nilimkuta binamu yangu akipunguza mnyaa nyumbani kwa mama mkubwa. Akanionyesha jarida letu kwenye simu yake, ametumiwa na rafiki wa Muheza, naye ametumiwa na mwingine. Lilikuwa lile la kwanza, lenye kosa. Jina la faili lile lile, tarehe ile ile. Hakuna alama ya kulitofautisha na lililosahihishwa. "Nikajua nyie wasomi mmegundua dawa ya macho," akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa natazama mikono yake, imelowa utomvu mpaka kwenye viwiko.

Nikakumbuka tulivyowahi kukosea kipimo cha samadi kwenye karatasi. Mwalimu alitupa kalamu nyekundu, tukazunguka nyumba kwa nyumba jioni mbili tukisahihisha. Nakala zilikuwa 60, na kila moja tulijua iko kwa nani.

Nilipomweleza Mwalimu habari ya binamu, alinifundisha jambo. Kwa miaka mingi wataalamu wa mimea hawakulitambua jina jipya la mmea mpaka lichapwe kwenye karatasi. Mkutano wao wa Melbourne mwaka 2011 ukabadili kanuni: tangu Januari 1, 2012, faili la PDF linakubalika, mradi liwe katika chapisho lenye namba ya ISSN au ISBN. Lakini likishatoka, haliguswi. Ukikosea, unatoa sahihisho peke yake.

Nikaona kosa langu la pili, baya kuliko la kwanza. Kwa kusahihisha kimya kimya nilikuwa nimezaa pacha, mmoja mkweli na mmoja mwongo, wote sura moja.

Siku hizi kila ukurasa wetu una namba ya toleo na tarehe. Kosa likitokea, tunatoa karatasi ya SAHIHISHO inayotaja toleo, ukurasa na neno. Jarida linakwenda kwa simu, na nakala 15 tunazichapa kwa ajili ya wazee na maktaba, kwa shilingi 18,000. Zinazobaki ni za viriba.

Sahihisho la kwanza niliandika mwenyewe: "Mimi niliyeandika juu ya mnyaa nilikosea." Likafuata jina langu. Hiyo ndiyo karatasi niliyompelekea baba. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Nawe mwenzangu unayeshika kalamu, usiniulize tena kama karatasi ni bora au simu. Jiulize, siku ukikosea, uliowakosea utawapata wapi?